Monstera Yafa Kiu Huku Imezama Majini

AMINA: Haya karibuni jamani, leo tuko kibarazani kwangu hapa Tudor, mkisikia tuktuk zapita ndio mtaa wenyewe huo. Niko na Salim kama kawaida ila leo hakuja mikono mitupu, amekuja na chungu cha maua, amekibeba toka Likoni akavuka nacho feri.

SALIM: Nimekipakata kama mtoto dada Amina. Ni ile monstera yangu, nilipoinunua ilikuwa na majani saba, mapana, yamepasuka vizuri, sai yamebaki matatu na hili la chini lishakuwa manjano. Na namwagilia walahi! Kila asubuhi kabla sijatoka, glasi moja, sikosi hata siku moja.

AMINA: Pole ndugu yangu. Hebu nikiinue kwanza... mh. Inua na wewe. Wasikia uzito huo? Chini kuna tundu?

SALIM: Hakuna. Kile cha plastiki nilichouziwa nacho nikaona hakipendezi sebuleni, nikanunua hiki cha kauri. Lakini nilitia kokoto chini, ati maji yashuke huko yasikae na mizizi.

AMINA: Hiyo kokoto watu wengi waitia na nia yao nzuri kabisa, ila haisaidii. Maji hayatoki kwa udongo laini kuingia kwa kokoto mpaka udongo ule wa juu yake ushibe kabisa, kwa hivyo ulichofanya ni kulipandisha lile tope likakaribia mizizi zaidi. Tundu ndio dawa, hakuna nyengine. Ngoja nitandike gazeti tuitoe.

SALIM: Ai, harufu!

AMINA: Harufu ya mtaro, sio? Sasa angalia mzizi huu, rangi ya chai, nikiuvuta hivi na vidole... umeona? Ngozi yote yavuka kama soksi na ndani kwabaki kauzi kembamba. Huo ushakufa. Na huu hapa wa juu mweupe mweupe, mgumu, ukiubana haubonyei, huu bado mzima.

SALIM: Kwa hivyo ni maji tu ndio yameua?

AMINA: Ni kukosa hewa. Mizizi yapumua Salim, yataka oksijeni. Kati ya chembe za udongo kuna vijinafasi vya hewa, maji yakivijaza vyote na yakakaa humo siku baada ya siku mizizi yakosa pumzi yaanza kufa, halafu vile vidudu vya kuoza vinavyopenda majimaji vyaingia kumalizia. Na mzizi uliooza hauwezi kunyonya, kwa hivyo juu majani yalegea vile vile kama ya mmea wenye kiu, na wewe ukiona yamelegea wafanyaje?

SALIM: Naongeza maji. Subhanallah.

AMINA: Ndio hapo watu wengi wanapopotea, manake kiu na kuzama vyaonekana sawa ukitazama majani peke yake. Jibu liko kwa udongo. Tia kidole mpaka kiungo cha pili, kama sentimita 5 hivi, kukiwa na unyevu achana nayo. Chungu kikiwa kirefu tumia kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka chini ukae dakika chache, kikitoka na udongo umegandamana huko bado kuna maji. Mimi siku hizi nainua tu. Si wajua vile tunavyoinua mtungi wa gesi kujua kama umekaribia kwisha? Basi ni hivo hivo, inua leo umemwagilia, inua baada ya siku nne tano, mkono utazoea wenyewe.

SALIM: Na nikimwagilia, kiasi gani? Manake mimi glasi yangu moja...

AMINA: Sahau glasi. Siku ya maji ipe kabisa, zungusha chungu chote pole pole mpaka yatoke chini, halafu iache mpaka udongo wa juu ukauke. Kwao hii monstera ni misitu ya Mexico kusini mpaka Panama, yapanda juu ya miti, mvua yapiga kubwa maji yapita kwenye magome na majani makavu yaenda zake, hewa yarudi. Yapenda kulowa na yapenda kupumua, vyote viwili. Kaglasi kila siku kwenye chungu kizima chenye tundu kinalowesha juu tu, na kwenye chungu chako kikawa chajikusanya chini bila ya kuonekana.

SALIM: Lakini yule wa YouTube alisema mara moja kwa wiki, na kupuliza majani maji kila siku.

AMINA: Yule yuko wapi? Uingereza? Huko baridi ikiingia wawasha hita nyumba nzima hewa yakauka, ndio wapuliza. Sisi hapa Mombasa hewa yenyewe yatulowesha mashati saa mbili asubuhi, kupuliza kwa nini? Na hiyo mara moja kwa wiki pia sikubaliani nayo. Kaskazi ikivuma, mwezi wa kwanza wa pili hivi, jua kali na upepo waingia madirishani, yangu yaweza kumaliza maji kwa siku nne. Masika mawingu yametanda, chungu kile kile chakaa siku kumi, kumi na mbili, na bado chini kuna unyevu. Kalenda haijui kama jana kulinyesha.

SALIM: Sasa na hizi ncha kahawia, kama zimeungua? Hizi zilianza kabla ya manjano.

AMINA: Watumia maji gani?

SALIM: Ya kisima. Ya mfereji kwetu yaja kwa zamu, nikiyapata naweka ya kupikia.

AMINA: Na hicho kisima maji yake yana chumvi?

SALIM: Sabuni haitoi povu kabisa.

AMINA: Basi. Wajua ukikata kachumbari ukatia chumvi mapema, kitunguu chatoa maji yote? Chumvi ikizidi kwa udongo yafanya kazi hiyo hiyo kwa mizizi, mmea umesimama kwenye maji na hauwezi kuyavuta. Na ule ukungu mweupe hapa kwa ukingo wa chungu, uguse, ni chumvi hiyo.

SALIM: Nikiyachemsha?

AMINA: Hapana, ukichemsha maji yapungua chumvi yabaki, ndio yazidi ukali. Kinga maji ya mvua, hayo ndio bora. Ama yale yanayodondoka kwa esi ya chumbani, weka ndoo tu, kwa maua yafaa. Na ikibidi utumie ya kisima, basi mara moja moja pitisha maji matamu mengi yasombe ile chumvi yatoke chini, na bila ya tundu hilo haliwezekani, ndio nakwambia tundu. Vile vile na makumbi ya nazi, watu wayafunga kwa kijiti monstera ipandie, ni mazuri sana, lakini kama yalifukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, yaloweke uyasuuze maji mara tatu nne.

SALIM: Na kisahani cha chini?

AMINA: Mwaga baada ya nusu saa. Hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu mbu wa dengi azaa kwenye maji kidogo kama hayo, ndani ya nyumba, na dengi tumeiona hapa 2017, watu wamelala na mifupa yawauma wiki nzima. Usiache maji yalale humo.

SALIM: Haya, na hii ndio basi tena?

AMINA: Aa, hii yaokoka. Waona hapa kwa shina, hiki kifundo, na huu mzizi wa hewa umetokeza? Twakata chini yake, juu ya pale palipooza, twaweka kwenye chupa ya maji ya mvua, kifundo kizame jani lisiguse maji, wabadilisha kila baada ya siku tatu. Wiki tatu nne utaona mizizi mipya. Pangusa kisu na spiriti kwanza, na utomvu wake wawasha, usijishike macho.

SALIM: Hapa?

AMINA: Shuka kidogo. Hapo. Kata.