Nani Anamsimamia Mrukaji wa Parachuti?

Wazee wetu, mabibi na mabwana, shukrani kwa kuja. Wengi wenu mnaovuka feri ya Likoni kwenda Diani mmewaona watu wakitua ufuoni kwa miavuli ya rangi, na swali mnaloniuliza ni moja: akishatoka mlangoni mwa ndege, mtu yule yuko chini ya nani?

Nitachukua mfano wa Marekani, kwa kuwa huko kazi imegawanywa waziwazi. Serikali husimamia ndege, rubani na parachuti ya akiba, yaani ile ya pili ya kuokoa maisha ya kwanza ikigoma, ambayo lazima ikaguliwe na kukunjwa na fundi mwenye cheti kila siku 180, hata kama haijaguswa. Nimewahi kuishika moja: uzi mwembamba mwekundu, kipande cha madini ya risasi kilichobanwa na kugongwa alama ya fundi, na kadi yenye tarehe na sahihi yake. Ni vitu vidogo mno kubeba uhai wa mtu, lakini ndivyo vinavyoubeba.

Mengi yaliyobaki yako kwa chama cha kitaifa cha warukaji wenyewe. Leseni ya A hudai miruko 25, B 50, C 200 na D 500, pamoja na mitihani. Mwenye leseni ya A hufungua parachuti yake akiwa bado futi 3,000 au zaidi juu ya ardhi. Na asionekane mwoga, kwani anayeanguka kifudifudi humaliza futi 1,000 kwa chini ya sekunde sita.

Ninalokiheshimu zaidi chama hiki ni namna kinavyochunguza vifo. Zamani wengi walikufa kwa kuchelewa kufungua. Vilipoenea vifaa vinavyofungua akiba vyenyewe, vifo hivyo vilipungua, ikabaki aina nyingine: watu wenye parachuti nzima, iliyofunguka vizuri, wanaokata kona kali karibu na ardhi. Chama kikaongeza sharti la mafunzo ya kuongoza parachuti kwa anayetaka leseni ya B. Mwaka 2023 walikufa watu 10 katika miruko takriban milioni 3.65, ilhali mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakipita 50 kwa mwaka.

Hata hivyo chama hakina polisi. Kanuni zake nyingi huzibana klabu zilizoahidi kuzifuata. Kwa hiyo, vijana wangu, popote mtakapokwenda kuruka, kabla ya kulipa ulizeni akiba ilikunjwa lini, na nani, kisha mwombe kuisoma kadi.