Mnaoniuliza kuhusu ufundi gesi Uingereza, nisikilizeni kabla hamjalipa ada

Habari zenu ndugu zangu, na wazee mnaonitazama, shikamooni. Leo nawarekodia ndani ya gari la kazi, mvua inagonga bati juu, mtaniwia radhi sauti isipokuwa safi. Nimetoka nyumbani kwa bibi mmoja ambaye boila yake ilizima tangu jana usiku. Kabla sijaenda kwa mteja wa pili nataka niwajibu, maana wiki hizi mbili ujumbe mwingi unaonifikia ni wa swali moja: "Kaka, nisomee ufundi gesi huko, au kazi hiyo inakufa?"

Kwa asiyejua, nyumba nyingi za huku zinapashwa joto kwa gesi. Boila imefungwa ukutani, mara nyingi jikoni. Inachoma gesi, inapasha maji, pampu inayasukuma maji hayo hadi kwenye radieta, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto, za kila chumba. Wakati wa baridi boila ikizima kwenye nyumba yenye mzee au mtoto mchanga, hiyo ni dharura. Yule bibi nimemkuta amevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Na huigusi gesi ya mtu bila kadi. Ukifanya kazi hii kwa malipo na hujasajiliwa Gas Safe Register, yaani sajili rasmi ya mafundi gesi inayotoa kadi hiyo, umevunja sheria. Nyuma ya kadi wameandika kazi unazoruhusiwa: huyu majiko tu, huyu boila pia. Kila baada ya miaka 5 unarudi kwenye mtihani. Wengine wananiambia Wazungu wanapenda makaratasi. Hapana, ndugu zangu. Tarehe 16 Mei 1968, alfajiri, kwenye jengo la Ronan Point mashariki mwa London, mama mmoja ghorofa ya 18 aliwasha jiko achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja. Mlipuko ukasukuma kuta, na kwa sababu jengo lenyewe liliunganishwa vibaya, pembe nzima ikaporomoka kuanzia juu hadi chini. Walikufa watu 4. Jengo lilikuwa na miezi miwili tu tangu lianze kukaliwa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba gesi ilipitia kwenye nati moja mbovu iliyounganisha bomba na jiko. Nati moja! Miaka miwili baadaye ikaanzishwa sajili ya mafundi iliyoitwa CORGI, na mwaka 2009 nafasi yake ikachukuliwa na hii tuliyo nayo sasa. Kila ninapokaza nati naikumbuka ile.

Sasa twende kwenye swali lenu. Serikali ya huku imejifunga kisheria kwamba ifikapo 2050 nchi isiongeze hewa chafu angani, na boila ni sehemu kubwa ya tatizo. Mwaka 2020 walitangaza lengo la kufunga pampu za joto 600,000 kwa mwaka ifikapo 2028. Pampu ya joto ni mashine ya umeme inayokaa mahali pa boila: inavuta joto kutoka nje, kwenye hewa au ardhini, na kulipeleka kwenye maji ya radieta. England na Wales mwenye nyumba anayeachana na gesi na kufunga pampu hiyo amekuwa akisaidiwa pauni 7,500 tangu Oktoba 2023. Mafundi wengi walitegemea haidrojeni, gesi isiyotoa kaboni ikiungua, kwamba tutabadilisha gesi tu na boila zibaki. Lakini mwaka huohuo wa 2023 majaribio mawili ya kuipeleka kwenye nyumba za watu, la Whitby kule Ellesmere Port na la Redcar, miji ya kaskazini mwa England, yalifutwa. Mimi nilikuwa na matumaini hayo pia, na nimeyaweka chini.

Hata hivyo boila haziondoki kesho. Boila nzuri inaishi miaka 10 hadi 15, na bado zinafungwa kila siku. Umeme huku ni ghali kuliko gesi mara kadhaa kwa kila yuniti, na wateja wanajua kupiga hesabu. Kwa hiyo kazi ya kutengeneza na kukagua ipo kwa miaka mingi. Mwenye nyumba ya kupangisha lazima gesi yake ikaguliwe kila miezi 12, apende asipende.

Ila nawaambieni kitu ambacho chuo hakikunifundisha. Kilichotuangusha sisi mafundi ni tabia yetu ya kufunga boila na kuondoka. Tangu 2005 boila mpya England na Wales zimetakiwa ziwe za aina inayovuna joto hata kwenye mvuke wa moshi wake. Joto hilo linapatikana mvuke ukigeuka maji, na haugeuki mpaka maji yanayorudi kutoka kwenye radieta yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Sasa ingia nyumba za watu uone: boila imewekwa nyuzi 80, maji yanarudi moto, mvuke wote unatoka nje, na mteja analipia. Mashine ni nzuri, fundi hakuirekebisha. Tena imefungwa boila ya kilowati 30. Kwa maji ya kuoga sawa, lakini kupasha nyumba yenyewe kunahitaji 6 au 8.

Pampu ya joto haikusamehe uzembe huo. Yenyewe inataka maji ya nyuzi 35 hadi 50, radieta kubwa, na mabomba yanayotosha. Lazima upime kila chumba: madirisha, kuta, dari, joto linapotelea wapi. Ukifanya vizuri, yuniti moja ya umeme inakupa karibu tatu za joto. Ukifanya ovyo, mteja anagandia ndani na bili iko juu, halafu anawaambia majirani kwamba pampu hazifai. Fundi anayejua kushusha joto la maji ya boila na nyumba ikabaki na joto amekwishajifunza nusu ya kazi ya pampu. Huyo sina wasiwasi naye.

Mzee aliyenifundisha alianza kazi akiwa kijana, wakati nchi nzima inaacha gesi iliyotengenezwa kwa makaa na kuhamia gesi ya Bahari ya Kaskazini, kati ya 1967 na 1977. Vifaa kama milioni 40 vilibadilishwa, nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko. Alikuwa akiniambia, "Wakati ule nao walisema tumekwisha."

Na huyo mzee ndiye aliyeniokoa, naomba mnisikie vizuri hapa. Mimi nilikwenda chuo kimoja cha kozi ya haraka, nikalipa maelfu ya pauni. Waliniahidi fundi wa kufanya naye kazi, kwa sababu bila kazi za kweli zilizosimamiwa na fundi aliyesajiliwa hufiki kwenye kadi. Darasa lilipokwisha, simu zangu hazikupokelewa tena. Karibu mwaka mzima nilikuwa na cheti cha darasani na sina wa kunisimamia. Mafundi wengi wa huku ni watu wazima wanaokaribia kustaafu, wanafanya kazi peke yao na gari lao, na wachache wanachukua wanagenzi. Mlango mwembamba uko hapo. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata senti, waambie wakuandikie kwenye mkataba utakuwa chini ya fundi yupi, kwa muda gani. Wakianza kuzungukazunguka, ondoka.

Na mdogo wangu wa kike uliyeniuliza kama kuna nafasi yako: ipo, na wapo wateja, hasa akina mama wanaoishi peke yao, wanaoulizia fundi mwanamke.

Simu inaita, mteja wa pili huyo. Jumamosi nitapima nyumba nzima mbele ya kamera, chumba kwa chumba, hesabu zote. Njooni na daftari.