Breka za nyumba ya Uyole: najibu mara moja, msiseme naringa

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, mugonile watu wa Tukuyu, na wakubwa zangu wa Mbeya mjini shikamooni. Leo sikupanga kurekodi, nimetoka zamu ya usiku na macho haya mnayaona wenyewe. Ila tangu niseme nimemtoa fundi wa nyumba yangu ya Uyole, Mbeya, kwa kuchanganya breka za kampuni tofauti kwenye sanduku moja la umeme (breka ni zile swichi zinazokata zenyewe umeme ukizidi), kila nikifungua simu swali ni lile lile: "Dada, umemtoa fundi kazini kisa breka? Breka si breka?" Mwingine kaandika kwamba tangu nije Uingereza nimesahau nilisomea koroboi. Sijasahau. Ndiyo maana hela ya ile nyumba inaniuma.

Kwanza niweke sawa jambo moja. Huku sina nyumba, nimepanga. Sheria ya England inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha akaguliwe umeme angalau kila baada ya miaka 5. Sasa nani anakaa kumsubiri mkaguzi? Mpangaji. Nikaomba ruhusa kazini, mkaguzi hakutokea. Nikaomba tena, akaja saa kumi. Siku mbili bila malipo, na kodi ya mwezi haikupungua hata senti. Hela hiyo msinigeuzie kwa shilingi, mtanipandisha presha bure.

Alipofungua sanduku la breka nikasogea kuchungulia. Mle ndani kulikuwa na breka mbili za kampuni nyingine, tofauti na zilizobaki. Akaandika C3. Kwa lugha yao C3 ni kwamba inashauriwa kurekebishwa. Ingekuwa C2, hapo ni hatari inayonyemelea, na mwenye nyumba angelazimika kuirekebisha ndani ya siku 28. Ilipokuwa C3 tu, mwenye nyumba akashangilia, akanitumia ripoti yenye kurasa 18, na breka ziko palepale mpaka leo. Kwa hiyo anayesema Ulaya kila kitu kimenyooka, aje anitembelee.

Nikamuuliza yule baba, tatizo ni nini na zimeingia vizuri? Akanionyesha ile basba, kipande cha shaba chenye meno kama kitana, kinachopita chini ya breka zote. Kila jino linatakiwa liingie kwenye mdomo wa breka yake, halafu skrubu ilibane. Reli ya kupachikia ni ya upana mmoja, milimita 35, kwa hiyo breka za kampuni nyingi zitapachikwa na kwa nje utaziona zimekaa. Lakini mdomo wa hii uko juu kidogo, wa ile uko ndani kidogo. Jino linabanwa kwa ncha tu, au linapita nyuma ya kibanio, na fundi anakaza skrubu akidhani ameshika kitu. Kiwanda kinapolipima sanduku, kinalipima pamoja na breka kilizozichagua chenyewe. Ukichomeka ya kwingine, lile jaribio halikuhusu tena.

Sasa Uyole. Nilituma hela ya seti nzima, sanduku na breka zake. Picha aliyonitumia mama nikaikuza: sanduku la kampuni moja, breka za kampuni tatu! Nikampigia mdogo wangu. "Dada, za aina ile ziliisha dukani, fundi kasema zote ni moja." Sawa, labda ziliisha. Na chenji? Risiti ni karatasi ya daftari iliyoandikwa "vifaa vya umeme", jumla chini, basi. Hili la risiti nikianza kulisimulia tutakesha, tuliache.

Juni ikaingia. Baridi ya Uyole mnaijua, mama hawezi kuoga bila hita. Ile hita ni ya wati 5,500. Kwa volti 230 inavuta kama ampea 24. Siku ya tatu mama ananiambia koridoni pananuka plastiki, na sanduku ukiligusa lina moto. Nikamwambia mama zima swichi kubwa, usiguse kingine. Breka ya hita haikuwa imekata. Hapa ndipo wengi mnanibishia: "Ingekuwa hatari ingekata." Jamani, breka inakata umeme ukizidi. Umeme haukuzidi, ulikuwa ampea zilezile 24. Kilichozidi ni joto pale jino lilipolegea. Tuseme pana ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, wa sehemu moja ya kumi ya omu (kipimo chake) tu, hapo ni karibu wati 58, yaani umeifungia balbu ya zamani ya wati 60 ndani ya kipande cha plastiki. Fundi wa pili alipofungua, mdomo wa ile breka ulikuwa mweusi na jino halijabanwa sawasawa.

Tukang'oa zote. Sanduku jipya na breka zake, nimelipa mara mbili kazi moja. Huyu wa pili ana leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, nilimwomba aipige picha kabla sijatuma hata shilingi, akanuna. Anune tu.

Na mnaoniomba niwatumie breka za Uingereza, hapana. Mtazipachika kwenye sanduku la soko la Mwanjelwa halafu tutarudi palepale. Hata za kampuni moja, toleo la zamani na jipya wakati mwingine hayapatani. Msome karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa sanduku. Mimi ni mlezi wa wazee, sina cheti cha umeme, nasema ya nyumba yangu. Kwako huenda zimekaa miaka 10 na hakuna kilichonuka.

Mdogo wangu, najua unaangalia. Simu yangu hupokei wiki ya pili sasa, lakini video unapenda. Ile chenji bado naidai.