Miezi Mitatu Iliyotupwa

Ndugu zangu, wanaonijua wanajua naanzia wapi: kifungu cha 257 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Historia yake mnayo, siirudii.

Mswada wa marekebisho wa wananchi ukishapata sahihi milioni moja, na Tume ya Uchaguzi ikazihakiki, hupelekwa kwenye mabunge yote 47 ya kaunti. Yakiupitisha 24, unakwenda Bunge la Taifa na Seneti. Katiba imeyapa mabunge ya kaunti miezi mitatu. Ya nini yote hiyo? Ili mwakilishi wadi, yule mjumbe wa bunge la kaunti, arudi nyumbani, aketi barazani na watu, awasomee, awasikilize. Hawezi kubadilisha hata nukta. Ana ndiyo au hapana tu. Sasa utasemaje ndiyo kwa niaba ya mtu usiyemuuliza?

Februari 2021, mswada wa BBI (Building Bridges Initiative), ule wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, wa kuongeza maeneobunge 70 juu ya 290. Hata mwezi haukutimia vizuri, idadi ya 24 ikavukwa tarehe 23. Nilikuwa kwenye roshani ya bunge moja la kaunti. Kando yangu ameketi mama muuza samaki, beseni lake kaliacha kwa askari langoni. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo karatasi wanayoipigia kura imeandikwa nini?" Nikampa nakala yangu. Kiingereza kitupu. Akaigeuza, akaitazama nyuma, akanirudishia. Nikaanza kumweleza. Ukurasa wa kwanza sijaumaliza, kule chini "ndiyo" zimeshapigwa na watu wanakumbatiana. Nimelisimulia hili mara nyingi na nitalisimulia tena, kwa sababu yule mama alifunga biashara yake akaja.

Utaniambia, mwalimu, Mahakama ya Juu si iliuzima? Iliuzima, 31 Machi 2022: Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekewa wananchi. Lakini mabunge zaidi ya 40 yalikuwa yameshaupitisha! Swali hilo lilikuwa lao kabla halijawa la majaji. Baringo waliukataa. Nandi waliukataa. Kwa hiyo iliwezekana.

Mwingine atasema kaunti si majimbo ya Marekani. Kweli kabisa. Kule majimbo 38 kati ya 50 yakiridhia, marekebisho yameingia kwenye katiba. Kwetu kaunti ni kizingiti tu. Ila sisi tunakijua kilichotokea kizingiti kisipokuwepo: Juni 1982 Bunge peke yake liliingiza kifungu cha 2A, nchi ikawa ya chama kimoja, na hakuna mwananchi aliyeulizwa.

Kura ya maoni nilitaka kuigusa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi hili moja. Mswada mwingine ukija, mwendeeni mwakilishi wenu siku ya kwanza. Mwombeni nakala ya Kiswahili na tarehe ya mkutano wa wadi. Akikosa kimojawapo, mwambieni apige hapana.