Nani Alimpiga Superman Risasi?

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Rehema, na hapa pembeni yangu yupo Salim, ambaye leo kaja na daftari. Daftari, jamani!

SALIM: Nimeitazama filamu hii mara mbili, dada. Ya kwanza kwa raha, ya pili kwa ugomvi.

REHEMA: Filamu yenyewe ni Hollywoodland, ya mwaka 2006, mwongozaji Allen Coulter. Niseme mapema kabisa: tutaongea mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuharibiwa utamu, tuzime hapa, ukaitazame, kisha urudi. Na kuna habari za mtu kujiua humu ndani, ujue kabla hatujaingia.

SALIM: Basi tuanze na marehemu. George Reeves ndiye aliyekuwa Superman wa televisheni ya Marekani kuanzia 1952 hadi 1958, vipindi 104. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni 1959, nyumbani kwake Benedict Canyon, Los Angeles, kakutwa chumbani ghorofani, kafa kwa risasi ya kichwa. Miaka 45. Chini walikuwepo wageni wakinywa, na mchumba wake Leonore Lemmon. Ikaandikwa kajiua.

REHEMA: Ikaandikwa haraka mno. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

SALIM: Mama yake mzazi akakataa katakata. Akamchukua Jerry Giesler, wakili aliyekuwa akiogopwa Hollywood nzima enzi zile. Sasa filamu inaichukua ile hasira ya mama na kumkabidhi mpelelezi wa kubuni, Louis Simo, anayeigizwa na Adrien Brody. Na hapo ndipo ugomvi wangu na hawa watu unapoanzia. Mimi nilikuja kwa ajili ya Reeves. Kwa nini nikae saa nzima na mtu ambaye hakuwahi kuwepo?

REHEMA: Kwa sababu Simo si mpelelezi, kaka. Simo ni sisi. Angalia anavyoingia kwenye kazi: hana uchungu na marehemu, anataka jina lake litoke magazetini. Anawanong'oneza waandishi habari ambazo hata yeye hajazithibitisha. Halafu kadiri anavyochimba, ndivyo anavyoanza kumhitaji Reeves awe ameuawa. Mtu aliyeuawa ana adui. Mtu aliyejiua ana... ana nini? Ana Jumanne tu.

SALIM: Haya, hiyo ya Jumanne umeniweza.

REHEMA: Na kweli 16 Juni ilikuwa Jumanne, nenda kahesabu.

SALIM: Sasa fungua sikio nikusomee daftari. Moja: kwenye bastola hakukupatikana alama za vidole. Mbili: ganda la risasi lilikutwa chini ya mwili wake. Tatu: kwenye sakafu ya chumba kulikuwa na matundu mengine mawili ya risasi. Nne: wageni hawakuwaita polisi mara moja. Niambie mtu mwenye akili timamu asikie hayo manne halafu akalale.

REHEMA: Ukiyasoma kwa sauti hiyo hata mimi sitalala. Lakini yachukue moja moja. Bastola iliyopakwa mafuta haishiki alama vizuri, na ile ilikuwa na mafuta. Ganda hurukia popote. Mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda akianguka kwa nyuma anaweza kabisa kulilalia. Matundu ya sakafuni, Lemmon mwenyewe alisema alifyatua bastola ile siku za nyuma akiichezea.

SALIM: Na wewe unamwamini?

REHEMA: Simwamini wala simkatai. Ninachosema ni kwamba hakuna kati ya hayo manne linalomtaja muuaji. Yanataja uzembe. Watu wamelewa usiku wa manane, wameshikwa na woga, polisi wamefika wakakuta jibu liko tayari mezani, wakalichukua. Uzembe na mauaji, ukivitazama baada ya miaka mingi, vinafanana sana.

SALIM: Hapo ndipo ninapoisifu filamu. Inatuonyesha kifo kilekile mara tatu, kichwani mwa Simo. Kwanza Reeves na Lemmon wanagombana, bastola inafyatuka. Pili, mtu katumwa na Eddie Mannix. Tatu, Reeves peke yake. Na zote zimepigwa kwa uzito uleule, chumba kilekile. Hakuna muziki wa kukuambia "hii ndiyo ya kweli".

REHEMA: Ngoja, tumwelezee Mannix kwa wasiomjua. Eddie Mannix alikuwa kigogo wa studio ya MGM, na kazi mojawapo iliyompa sifa ni kuzima kashfa za mastaa. Mkewe, Toni, akawa na uhusiano na Reeves kwa miaka. Mume anajua. Nyumba ile Reeves alimofia, Toni ndiye aliyelipia. Halafu Reeves anamwacha, anaenda kwa Lemmon. Na alipokufa, wosia wake ukampa Toni mali, Lemmon akatoka mikono mitupu.

SALIM: Diane Lane kwenye nafasi ya Toni, aisee. Kuna namna anavyomtazama Reeves, kama mtu anayejua muda wake unakwisha lakini bili bado ni yeye anayelipa. Na Bob Hoskins akiwa Mannix, hapigi kelele hata kidogo. Anatisha kwa upole.

REHEMA: Na Ben Affleck?

SALIM: Nilikuwa simpendi kabisa miaka ile. Hapa nimenyoosha mikono. Tamasha la filamu la Venice lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, Kombe la Volpi, na walikuwa na haki. Anaigiza mtu anayejua kuwa ni mwigizaji wa wastani mwenye sura nzuri, na anajua kwamba wewe pia unajua. Tabasamu linatangulia, macho yanafuata baadaye. Halafu fikiria: miaka kumi baadaye, 2016, Affleck huyohuyo anavaa mavazi ya Batman.

REHEMA: Mavazi! Hiyo ya mavazi nilitaka kuisema. Misimu ya mwanzo ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo Reeves hakuwa amevaa buluu na nyekundu. Alivaa kahawia na kijivu ili rangi zitofautiane vizuri kwenye kamera. Yaani mtu mzima amesimama studioni na kitambaa cha kahawia, soksi ndefu...

SALIM: ...na mtoto nyumbani anaona shujaa.

REHEMA: Mimi hapo nilielewa kila kitu kuhusu yule mtu.

SALIM: Lakini filamu nayo imetia chumvi. Ile sehemu ya From Here to Eternity, filamu nyingine aliyoigiza Reeves, watazamaji wanamwona Reeves wanaanza kupiga kelele za Superman, studio inamkata. Hadithi tamu. Mwongozaji wa filamu ile, Fred Zinnemann, alishikilia kwamba hakuna kilichokatwa. Na ukiitazama leo, Reeves yumo, unamwona.

REHEMA: Na kulikuwa na mipango ya kurudisha Superman. Na alishaanza kuongoza vipindi mwenyewe, vitatu vya mwisho. Si mtu ambaye milango yote ilifungwa.

SALIM: Kwa hiyo sasa na wewe unasema aliuawa!

REHEMA: Nasema kazi si sababu inayotosha. Mtu anaweza kuwa na kazi wiki ijayo na bado usiku wa leo ukamshinda. Filamu ilipenda sababu iliyonyooka, nami sizipendi sababu zilizonyooka.

SALIM: Basi nikupe ninachokipenda kuliko vyote, na ni cha Simo, nimeshindwa. Mtoto wake wa kiume anachoma moto nguo zake za Superman. Hasemi kitu. Watu wazima wanabishana nani kashika bastola, mtoto anauliza kitu kingine kabisa: risasi inampataje mtu ambaye risasi zinadunda kifuani?

REHEMA: Na Simo hana jibu.

SALIM: Hana. Mwishoni anakaa gizani anatazama mkanda ambao Reeves alijirekodi akionyesha mieleka, akitafuta kazi. Mwili umechoka, anajirusha hivyohivyo. Hakuna mtu anayekufa kwenye picha ile. Ni mtu tu anajaribu.

REHEMA: Mimi niliirudisha nyuma ile sehemu. Mara nne.

SALIM: Mara nne? Halafu unanicheka mimi na daftari?