Saa ya Watoto Kulala: Mlezi Awe Macho

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tunaizungumzia saa ambayo kila anayelea watoto wa wenzake nyumbani kwake huingoja kwa hamu, saa ya watoto kulala mchana, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayomtaka mlezi awe macho kuliko saa nyingine yoyote. Niko na Kaka Idi, muuguzi wa watoto, na mimi nitazungumza kama mlezi.

IDI: Asante, Dada Rehema. Ningependa tuanzie siku ya kwanza ya mtoto mgeni, kwa sababu utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilivyotokea mikononi mwa walezi vilitokea katika wiki ya kwanza ya malezi, na nusu ya hivyo vilikuwa vya siku ile ile ya kwanza.

REHEMA: Siku ambayo mtoto analia sana, mlezi bado hajamjua, na kila mtu anatafuta namna yoyote ya kumnyamazisha.

IDI: Hapo ndipo mlezi mwenye nia njema kabisa humlaza kifudifudi, kwa kuwa ni kweli kwamba mtoto hulala fofofo akiwa hivyo. Kumbe usingizi huo mzito ndio unaotutia wasiwasi, kwani mtoto mchanga anahitaji kuzinduka upesi pale hewa inapopungua. Akiwa amezoea kulazwa chali kwao, halafu akalazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza na mtu mwingine, hatari yake inazidi hata ile ya mtoto aliyezoea kulala hivyo tangu mwanzo.

REHEMA: Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mzazi, hata kabla ya maziwa na nepi, ni jinsi anavyomlaza mtoto wake. Wapo wanaonijibu kwamba bibi yake humlaza kifudifudi ili asipaliwe akicheua, na siwacheki, maana hofu hiyo inaingia akilini. Naomba uwaeleze wewe mwenye taaluma.

IDI: Mtoto akilala chali, bomba la hewa huwa juu na umio huwa chini yake, kwa hiyo maziwa yanayorudi kutoka tumboni yangelazimika kupanda ili yaingie kwenye njia ya hewa, na kwa kawaida mtoto huyameza au huyatoa. Akilala kifudifudi, umio ndio unaokuwa juu, na maziwa yakirudi huelekea chini kwenye bomba la hewa. Ubavu nao haufai, kwani ni rahisi mtoto kupinduka kutoka hapo akaangukia tumbo. Ushauri wa kulaza watoto chali ulipoanza kutangazwa kwa nguvu, Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, vifo hivi vilipungua kwa nusu au zaidi katika miaka iliyofuata, na vifo vya kupaliwa havikuongezeka.

REHEMA: Na akijigeuza mwenyewe?

IDI: Unamlaza chali kila mara. Akishaweza kujigeuza pande zote mbili bila msaada, unaweza kumwacha katika mkao alioutafuta mwenyewe, alimradi kitandani hamna kitu cha kumziba uso. Lakini anapoanza tu kuonyesha dalili za kujigeuza, usimlaze tena akiwa amefungwa shuka na mikono ndani, kwa sababu akipinduka hana mikono ya kujiinulia.

REHEMA: Kuhusu kitanda sina maneno mengi. Kiwe tupu, chenye godoro gumu na shuka lililobana, bila mto, blanketi wala mwanasesere. Ninapobonyeza godoro kwa kiganja nikauona umbo la mkono wangu limebaki, godoro hilo halifai. Wapo wazazi wanaoniletea blanketi zuri lililofumwa kwa mkono, na kulikataa si jambo jepesi. Hulipokea kwa shukrani, nikalitandika sakafuni, mtoto akachezea juu yake akiwa macho, tena akiwa amelala tumbo, mimi nikiwa nimekaa naye, jambo linaloimarisha shingo yake na kuzuia kisogo kubapa.

IDI: Hiyo ni busara. Niongeze joto tu: mtoto aliyevikwa kofia ndani ya nyumba hawezi kupoa vizuri, kwa kuwa kichwani ndiko anakopoteza joto jingi. Ukitaka kujua kama amezidiwa na joto, gusa shingo kwa nyuma au kifua, kwani mikono ya mtoto mchanga huweza kuwa baridi hata akiwa sawa.

REHEMA: Sasa nije kwenye jambo ambalo, kusema kweli, ndilo lililonisumbua kwa miaka. Mzazi anafika asubuhi, mtoto amesinzia kwenye kiti cha gari, mzazi anakiweka kiti sebuleni na kuninong'oneza nisimwamshe. Nami nina watoto wengine wawili wanaolia. Zamani nilikuwa namwacha.

IDI: Ndani ya gari, akiwa amefungwa mikanda ipasavyo, kiti hicho ndicho mahali pake. Nje ya gari hakikutengenezwa kwa ajili ya kulalia. Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake bado laini, kwa hiyo kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa hujikunja kama mpira wa maji uliopindwa. Kiti cha kubembeza na bembea vina tatizo hilo hilo. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, walitaka mahali pa kulala pawe tambarare, pasipozidi mwinamo wa nyuzi 10.

REHEMA: Siku moja nilipita karibu na mtoto aliyelala hivyo, nikasikia pumzi yake ikikwaruza kidogo, sauti ambayo nisingeisikia kama wenzake wangekuwa wameamka. Nilimwinua, akavuta pumzi ndefu, akalia. Tangu hapo sikubali tena. Mlangoni pale pale, mbele ya mzazi, namtoa kwenye kiti na kumlaza chali kitandani.

IDI: Akiamka je?

REHEMA: Mara nyingi huamka, na asubuhi yangu huharibika. Mzazi hunitazama kana kwamba nimemchokoza mtoto makusudi.

IDI: Na wakishalala wote, unatumia kamera?

REHEMA: Ninayo, ila haiwezi kunionyesha midomo iliyobadilika rangi. Naingia chumbani kila baada ya dakika 15, siweki giza totoro, nainama karibu hadi nione kifua kikipanda na kushuka, kisha naandika saa kwenye daftari langu. Mtoto mgeni, katika wiki yake ya kwanza, simwachi alale chumba nisichokuwemo. Nakiweka kitanda chake pale ninapokunjia nguo.