Marahaba Katikati ya Wizi

SALIM: Tuko hewani? Haya. Dada Rehema, tangu tuunganishwe hujasema neno, na kimya chako mimi nakijua.

REHEMA: Nimepewa onyo, Salim.

SALIM: Onyo la nini?

REHEMA: La kundi, kwenye gemu. Ni la pili. Likija la tatu unaondolewa kwenye orodha, unaomba upya kama mgeni. Miaka miwili niko pale, nimeendesha ambulensi mpaka alfajiri, nimefundisha watu kuongea kwenye redio, halafu naandikiwa mistari miwili: "Umetoka kwenye uhusika. Umetumia taarifa za nje."

SALIM: Pole. Ila wasikilizaji tuliwaahidi kitu leo. Mambo matano ya kumwambia mtu anayetaka kujiunga na kundi la roleplei, yaani gemu la mtandaoni ambalo kila mmoja anaigiza maisha ya mhusika wake. Ninayo hapa, nimeyaandika kwa mkono.

REHEMA: Tutayafikia. Hili limenikaa kooni, acha nilitoe kwanza.

SALIM: Litoe.

REHEMA: Jumanne usiku, saa nne na nusu. Benki ile ndogo ya karibu na bahari, mle ndani ya gemu. Ndani majambazi watatu na mateka wawili, nje polisi. Jambazi mmoja ana risasi ya bega, wamekubaliana na polisi daktari aingie amtibu, mateka mmoja aachiwe. Daktari ndiye mimi. Naingia mikono juu, nakanyaga vioo. Mwenye jeraha ndiye kashika mlango: barakoa nyekundu, kofia kaigeuza nyuma, bunduki kanielekezea kifuani. Anaitwa Dogo Nyembe, miaka 19. Akasema, "Daktari, simama hapohapo." Sasa Salim, sauti ile si ya miaka 19. Na mchezaji mwenyewe namjua. Tumekaa naye Discord, kule mtandaoni tunakopigia soga nje ya mchezo, akatusimulia minazi yake na mjukuu wake aliyemwekea gemu kwenye kompyuta. Ni mzee wa miaka 61. Mdomo ukanitangulia. "Shikamoo baba."

SALIM: Naye?

REHEMA: "Marahaba mwanangu, hujambo?"

SALIM: [anacheka] Na bunduki?

REHEMA: Akaishusha! Ikawa inaangalia sakafu. Mateka mmoja, binti anayechezea Muscat, naye amelala kifudifudi pale chini, tukamsikia: "Shikamoo babu." Polisi wa mlangoni walikuwa karibu, sauti inawafikia, mmoja akasalimia kwa kipaza sauti cha gari. Dakika nne nzima hakuna wizi pale. Watu wanaulizana habari za nyumbani.

SALIM: Wallahi ningelipa niione hiyo. Lakini dadangu, kucheka nimecheka, na onyo ni halali.

REHEMA: Ah, Salim.

SALIM: Ni halali. Kwa ambaye ndio kwanza anatusikia jambo hili: mchezaji ni mtu mmoja, mhusika ni mwingine. Anachokijua mchezaji, mhusika hakijui mpaka akione mwenyewe ndani ya mji. Ukikitumia, hiyo ndiyo metageming. Uko Discord unasikia rafiki yako kajificha kwenye gati, unaingia na gari la polisi moja kwa moja mpaka gatini. Hukupeleleza, hukuuliza mtu. Watu wanane walioandaa tukio lile umewamalizia usiku wao.

REHEMA: Huyo kapata faida. Kamkamata mtu kwa njia ya wizi. Mimi nilipata nini? Nilichukua nini cha mtu?

SALIM: Sheria haitaji faida. Inasema taarifa za nje. Umri wake ni taarifa za nje.

REHEMA: Sauti yake ni ya nje? Imepita kwenye maiki, ikatoka kwenye kinywa cha mhusika, nikaisikia kwa umbali wa hatua tatu. Gemu lenyewe ndilo limeniletea. Akinong'ona asikie wa pembeni tu, akipaza wasikie wa barabarani. Kama sauti inahesabiwa kuwa ya mle ndani kwa umbali wake, kwa nini isihesabiwe kwa uzee wake?

SALIM: Kwa sababu koo hatuchagui. Mhusika tunamchagua. Angalia ilikotoka hii michezo. Ile dunia ya kwanza ya kuandika, MUD, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, waliianza mwaka 1978. Mle hapakuwa na sura wala sauti. Unaandika "naelekea kaskazini", mwenzako anasoma. Ukisema wewe ni mchawi, ni mchawi. Mtu hajui kama una miaka 15 au 70. Maiki ilipokuja ikatuvua nguo. Ndiyo maana tunahitaji adabu ya kujifanya hatujasikia. Mimi nina rafiki ana kigugumizi, mhusika wake ni wakili. Akikwama katikati ya hoja mahakamani, kila mtu anasubiri, hakimu anasubiri, hakuna anayemtaja. Hiyo ndiyo heshima.

REHEMA: Hiyo ni nzuri na sina la kuongeza. Lakini kigugumizi hukitaji kwa sababu kukitaja kunamuumiza. Shikamoo inamuumiza nani?

SALIM: Mtu aliyejiandika miaka 19.

REHEMA: Salim, sikiliza. Ile sheria yetu umeisoma, kurasa 14. Ilitoka wapi? Gemu lenyewe tunalolichezea, GTA V, yaani Grand Theft Auto ya tano, lilitoka mwaka 2013, kwenye kompyuta likaja 2015. Halafu programu ya FiveM ikawawezesha watu kufungua seva zao, kila kundi na mji wake na sheria zake. Na sisi tukafungua wa kwetu, wa Kiswahili. Sheria tukazichukua kwa Wazungu zilivyo, tukazitafsiri. Kuthamini maisha: ukielekezewa bunduki, uogope kama mtu mwenye roho moja. Maisha mapya: ukiuawa, ukirudi umesahau kilichokuua. Sawa, nazipenda. Ila hakuna aliyekaa akauliza, je, mji wa Waswahili watu wanaamkiana vipi? Mji ambao binti anapita mbele ya mzee kimya, huo ni Los Santos tu, ule mji wa GTA V, wenye matusi ya Kiswahili.

SALIM: Mji wa Waswahili gani? Hilo ndilo swali. Kwenye kundi lile kuna wa Tanga, kuna mimi wa Kisauni, kuna wa Nakuru, kuna wa Bujumbura, kuna huyo binti wa Muscat. Kwetu pwani mzee anaamkiwa. Lakini nilipofanya kazi Nairobi nilimwamkia bosi wangu shikamoo siku ya kwanza, akaniangalia kama nimemwambia amezeeka. Pale ni "habari ya asubuhi" na maisha yanaendelea. Sasa ukiiweka shikamoo iwe adabu ya kundi, nusu ya wanachama umewafanya wakosefu wa adabu bila wao kujua.

REHEMA: Sikusema iwe sheria. Nasema isiwe kosa.

SALIM: Na kuna wanaosema ni salamu ya watumwa, ya kushika miguu ya bwana.

REHEMA: Huko siendi. Hiyo "nashika miguu yako" nimeisikia tangu nikiwa shule. Bibi yangu hakuwahi kunishikisha mguu wake, alinishika kichwa. Nikisema shikamoo nasikia mkono wa bibi kichwani. Basi. Na marahaba ni deni, hilo unalijua. Mtu anaweza kukunyima vyote, hakunyimi marahaba. Jambazi amevaa barakoa na bado ameitikia. Huoni uzuri wa hilo? Mimi nimecheza miaka miwili sijaona tukio la kweli kama lile.

SALIM: La kweli kwa mchezaji. Mhusika alikufa palepale. Dogo Nyembe hawezi kuitikia marahaba mwanangu kwa daktari wa miaka 30. Kijana wa miaka 19 ataitikiaje?

REHEMA: Kuna watani huitikia.

SALIM: Akiwa na risasi begani?

[Wanacheka wote. Mlio mfupi unasikika.]

SALIM: Nini hicho?

REHEMA: Luku. Uniti za umeme zinakaribia kuisha, zitatosha. Endelea.

SALIM: Ulikuwa na njia nyingine. Ungemtibu, ukamaliza, kisha ukamwandikia kwenye mabano mawili mawili, yale ya nje ya mchezo: "Shikamoo baba, samahani sikukuamkia mbele za watu." Kila kundi la roleplei lina mlango huo. Umewekwa kwa ajili ya mambo kama hayo.

REHEMA: Kumwamkia mtu kwa maandishi kwenye kona, kama namdokezea siri? Na lingine hulisemi: yule polisi wa kipaza sauti ni admini. Onyo kaliandika yeye. Naye alisalimia!

SALIM: Hapo uko sahihi, na yeye alistahili onyo. Wote watatu.

REHEMA: Wote watatu! Binti wa Muscat ana wiki mbili tu kwenye kundi, amefanyiwa usaili, kajibu maswali yote, halafu onyo lake la kwanza liwe kwa kumwamkia mzee?

SALIM: Wiki mbili ndipo mtu anapojifunza. Mimi usaili wangu waliniuliza, "Rafiki yako kauawa mbele yako na hujui kuendesha gari, utafanyaje?" Nikajibu nitalia. Wakanipokea kwa jibu hilo. Walitaka mtu anayebaki ndani.

REHEMA: Nilibaki ndani. Wewe huniamini, lakini nilibaki ndani. Daktari wangu amelelewa hivyo. Nilimwandikia historia yake wakati wa maombi: kazaliwa Pangani, kalelewa na bibi. Iko kwenye faili lao.

SALIM: Daktari wako aliona barakoa na kofia iliyogeuzwa. Aliyemwona mzee ni Rehema.

REHEMA: Aliisikia sauti.

SALIM: Tumerudi palepale.

REHEMA: Turudi mara mia.

SALIM: Niseme jambo moja, na usinikasirikie. Mzee wa miaka 61. Nyumbani ni babu, shambani ni mzee, msikitini ni mzee, kila anapopita anaamkiwa. Mjukuu kamwekea gemu. Kakaa kwenye fomu ya maombi, pale kwenye umri wa mhusika, akaandika 19. Angeweza kuandika 40. Kaandika 19, kajipa jina la kihuni. Yule mzee alikuja kuwa kijana kwa saa mbili, dadangu. Wewe ukamrudishia miaka yake yote kwa neno moja.

REHEMA: ...

SALIM: Uko?

REHEMA: Niko. Hajaingia tangu Jumanne.

SALIM: Unaona.

REHEMA: Sioni. Anaweza kuwa na kazi shambani. Bando linaweza kuwa limekwisha. Alicheka, Salim. Alipoitikia alicheka, nami kicheko cha mtu aliyefurahi nakijua.

SALIM: Wazee hucheka hata wakiumia.

REHEMA: Hapana, hilo sikubali. Unamfanya mtu asiye na kauli. Kama angekereka angenyamaza, angesema "daktari, tibu." Alikuwa na bunduki, alikuwa na uwanja wote. Alichagua kuitikia. Kwa nini uchaguzi wa kuandika 19 uuheshimu na wa kuitikia marahaba usiuheshimu?

SALIM: Kwa sababu wa kwanza aliufanya peke yake. Wa pili ulimbana. Umesema mwenyewe, marahaba ni deni.

[Mlio unasikika tena.]

REHEMA: Sasa zinaisha kweli. Na simu ya kununulia iko chumba kingine kwenye chaji.

SALIM: Basi haya mambo matano. Haraka. La kwanza: kabla ya kuomba, kaa usikilize wiki nzima bila kuongea, maana kila kundi lina…

REHEMA: Na umri. Liseme la umri, hilo ni muhimu. GTA V kule Ulaya imewekewa alama ya miaka 18, PEGI 18, na makundi mengi hayampokei aliye chini ya hapo. Wazazi wanaotusikia, msimruhusu mtoto adanganye kwenye fomu.

SALIM: Hilo lilikuwa la nne. La pili, historia ya mhusika…

REHEMA: Salim, hatutamaliza. Acha.

SALIM: Nimeyaandika kwa mkono, dada!

REHEMA: Yaweke. Nina swali moja kwako kabla giza halijaingia. Nimemwandikia mzee ujumbe, tangu Jumatano uko kwenye simu, sijautuma. Nataka kumuuliza tu kama yuko salama. Wa kwanza unaanza na "Shikamoo baba". Nikaufuta. Nikaandika "Dogo Nyembe, vipi bega?" Huo nao umenishinda kutuma.

SALIM: Tuma huo wa pili! Huo ndio. Muulize bega.

REHEMA: Siwezi kumwanza mtu wa miaka 61 na "vipi".

SALIM: Humwandikii mtu wa miaka 61. Unamwandikia Dogo Nyembe.

REHEMA: Kwenye simu ya babu wa watu? Akiusoma mjukuu je? Natuma wa kwanza.

SALIM: Dada Rehema, usitume. Subiri kwanza tu…

REHEMA: Naanza na shikamoo, halafu bega nitaliuliza mstari wa pi…

[Rekodi ya upande wa Rehema imeishia hapa.]